Hata Angani Kutakuwa na Lando

Nakaa ghorofa ya 6 huku Pipeline, Embakasi, kwenye ploti isiyo na lifti. Maji yakikatika, na hukatika, mtungi wa lita 20 unapanda ngazi begani mwangu. Kwa hivyo usinisomee habari za mvutano wa dunia. Naujua kwa goti.

Wiki iliyopita rafiki yangu alitupia video kwenye grupu yetu. Silinda kubwa inazunguka angani. Ndani kuna mto, miti, nyumba nyeupe, watoto juu ya baiskeli, na ukiangalia juu unaona paa za majirani zikiwa kichwa chini. Akaandika: "Buda, watu wenye akili watahamia hapa, watuachie hizi shida." Nikamuuliza kama anajua watu watakanyagaje chini huko ndani. Akasema si wana mashine ya graviti. Mwingine akadakia: "Hayo ni ya wazungu, hayatuhusu."

Nataka kugombana na wote wawili, na nitaanza na mashine, kwa sababu hakuna mashine.

Uko kwenye matatu, dereva anaingia raundabauti kama anafukuzwa. Unabanwa dirishani. Ukiulizwa, utasema kuna kitu kimekutupa nje. Hakuna kitu kama hicho. Mwili wako ulikuwa unaendelea na safari yake moja kwa moja. Ni matatu iliyopinda, na ukuta wake ukaja kukusukuma uelekee ndani ya kona. Sasa chukua ile kona, usiimalize. Fanya raundabauti iwe duara lisilo na njia ya kutokea, na ule ukuta wa matatu uwe sakafu. Miguu yako inasukumwa kila sekunde kuelekea katikati ya duara, na mwili hauna namna ya kutofautisha huo msukumo na ule wa sakafu ya jikoni kwako. Ndio huo "mvutano" wa silinda. Hakuna kinachokuvuta. Sakafu ndiyo inakusukuma.

Hesabu yake ni ya kidato cha nne: nguvu inategemea umbali wako kutoka katikati na kasi ya kuzunguka, na hiyo kasi unaizidisha kwa yenyewe. Kama chombo kinazunguka mara 2 kwa dakika, unahitaji kukaa mita 224 kutoka katikati ili uwe na uzito uleule ulio nao hapa. Ukijenga kitu kidogo, lazima kizunguke haraka zaidi, na hapo masikio ya ndani yanaanza kugoma: ukigeuza kichwa unataka kutapika. Hata kwenye hicho cha mita 224, ukiangusha ufunguo kutoka urefu wa mita moja na nusu, utaanguka zaidi ya sentimita 10 kutoka pale ulipotarajia, upande wa nyuma wa mzunguko. Na mtu wa bodaboda akienda kinyume na mzunguko anazidi kuwa mwepesi. Akifika kilomita 169 kwa saa hana uzito tena, na huyo abiria wake Mungu amsaidie.

Kwa hivyo wenye ndoto walienda upande wa ukubwa. Mwaka 1974 Gerard O'Neill, profesa wa fizikia wa Princeton, alichapisha wazo la silinda zenye kipenyo cha zaidi ya kilomita 6 na urefu wa kama kilomita 32. Mwaka uliofuata NASA iliwaketisha wataalamu kiangazi kizima huko California, wakatoka na mchoro wa gurudumu la kipenyo cha kilomita 1.8, linalozunguka mara moja kwa dakika, la kukaa watu 10,000. Mei 2019 Jeff Bezos alisimama Washington akaonyesha michoro ya miji ya aina ya O'Neill na kuzungumzia binadamu trilioni moja. Michoro ni ileile: mto, miti, nyumba nyeupe. Sijawahi kuona mchoro wenye fundi anayechomelea chuma.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Watu wanaopinga haya mambo hupenda kuuliza: mafuta ya kuzungusha kitu chote hicho yatatoka wapi? Swali hilo ni la bure, waliache. Angani hakuna hewa ya kukizuia. Ukishakizungusha, kinaendelea, karibu bila gharama. Gharama iko ukutani.

Kumbuka, kila kitu kilicho ndani kinataka kwenda zake moja kwa moja. Kila kitanda, kila mti, kila tone la ule mto, kila mtoto na baiskeli yake. Kinachovizuia ni ukuta, na ukuta wenyewe pia una uzito wake na unataka kwenda zake. Chukua pete ya chuma yenye ukubwa wa silinda ya O'Neill, izungushe mpaka ifikie uzito wa duniani, na usiweke chochote ndani. Kwa kujibeba tu, chuma cha kawaida cha kujengea kinakuwa kimefika pale kinapoanza kunyooka na kutorudi. Hujaleta hata kijiko. Basi utataka chuma bora kuliko hicho, na kingi, na viungo visivyo na ufa hata kimoja, milele.

Halafu kuna mzunguko wenyewe. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa mwaka 1958 ikiwa nyembamba kama penseli, ikizunguka vizuri kwenye mhimili wake mrefu. Antena zake zilikuwa za waya laini, zikawa zinapindapinda na kula nishati kidogo kidogo. Punde tu ile penseli ikaanza kujibiringisha kichwa kwa miguu. Waya laini zilitosha kufanya hivyo. Sasa fikiria silinda ndefu yenye mto unaochezacheza na watu wanaohama upande mmoja kuangalia mechi.

Sisemi haiwezekani. O'Neill mwenyewe alizipanga silinda zake mbili mbili, zikizunguka kinyume. Ninachosema ni kwamba mji wa namna hii ni jengo. Ni ghorofa. Na sisi wa Nairobi, kati ya watu wote duniani, tunajua ghorofa ni nini. Aprili 2016 jengo la Huruma liliporomoka usiku wa mvua na makumi ya watu wakafa. Hakuna aliyekufa kwa sababu fizikia ya nguzo ilikuwa haijulikani. Ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapana" na asikizwe.

Ukuta wa choo changu una ufa. Niliuonyesha keateka, keateka akamwambia lando, lando akatuma mtu na rangi. Ufa sasa ni wa krimu. Hapa ninaweza kuhama, nibebe godoro niende Kayole. Kwenye silinda, yule mwenye ukuta ndiye mwenye hewa, ndiye mwenye maji, ndiye mwenye sakafu unayokanyaga, na kuhama maana yake ni kuomba kiti kwenye roketi, ambayo pengine pia ni yake. Ukuta ukiachia, mji hauporomoki. Unatawanyika kila kipande na njia yake, kwa mamia ya kilomita kwa saa.

Kisheria pia si kitendawili. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema chombo kinabaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili. Kwa hivyo hao wanaofikiri watakuwa wametoroka serikali watakuwa wamekodi nyumba ndani ya serikali ya mtu, bila hata diwani wa kupigia kelele.

Na hawa ndugu wanaotuahidi miji hawajaonyesha haraka ya kuthibitisha vitu vidogo. Mwaka 1966 wanaanga wa Gemini 11 walijifunga kwa mkanda wa mita 30 na roketi nyingine, wakazungushana. Uzito uliopatikana ulikuwa mdogo kiasi kwamba walilazimika kutazama vitu vikielea polepole kuelekea upande mmoja ndipo wajue upo. Kituo cha kimataifa cha anga kimekaliwa na watu mfululizo tangu Novemba 2000, wakipoteza mfupa na kufanya mazoezi kama saa mbili kila siku ili warudi wakiwa wanaweza kusimama. Kilipangiwa chumba chenye gurudumu la mita 2.5, la kupima wanyama wadogo kwenye viwango tofauti vya mvutano. Mwaka 2005 kikafutwa. Bajeti. Wajapani baadaye, mwaka 2016, walifaulu kuzungusha panya wachache kwenye kifaa kidogo, na wale panya walilinda misuli na mifupa yao vizuri kuliko wenzao walioelea. Basi. Miaka 50 ya michoro, na tumefika kwa panya.

Sasa wewe wa "hayatuhusu". Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, ikiwa bado ya moto. Kipenyo chake, mita 2.5. Sawasawa na lile gurudumu lililokosa bajeti. Shirika letu la anga lilisema ni kipande cha roketi. Watu wa Mukuku hawakuwa wameomba kuhusishwa.

Na si mara ya kwanza tumeguswa. Kutoka majukwaa ya San Marco, baharini pale Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi tangu miaka ya 60, na Desemba 12, 1970 ikapaa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Walikuja kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambapo dunia yenyewe inakupa msukumo wa bure inapozunguka. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa kati ya nchi za ikweta zilizotia sahihi tamko la Bogotá, zikisema ukanda wa anga ulio juu yetu una wenyewe. Wakubwa walipuuza. Lakini kuna mtu kutoka hapa aliyekuwa kwenye meza hiyo na kalamu mkononi, kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na hakusema hayatuhusu.

Haya yote niliyaandika kwenye grupu, marefu kuliko hivi. Nikaongeza swali moja kwa yeyote atakayeleta video nyingine ya mto na nyumba nyeupe: mlango wa kukagua ukuta uko wapi, na nani ana ufunguo?

Wa "hayatuhusu" aliondoka kwenye grupu. Yule wa video alinyamaza mpaka saa nne usiku, halafu akaandika: "Na floor ya 6 huko, mtungi ungekuwa mwepesi?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa sababu kupanda ni kusogea katikati. Mita 18 juu, kwenye duara la mita 224, unapungua kwa asilimia 8. Kilo 20 zinakuwa kama 18 na nusu hivi.

Akauliza kama maji huko pia hukatika.