Saa ya Mama Kabla Nyumba Haijaamka

Ukimwuliza mama mwenye kipaji kwa nini kile kitambaa cha kutarizi hakijaisha, au hadithi aliyoianza mwaka jana imefikia wapi, jibu ni moja: sina nafasi. Ni kweli hana. Mama mwenye watoto akingoja nafasi ijilete yenyewe atangoja hadi mjukuu wa mwisho aoe. Wapo pia wanaongoja moyo uvutike. Hao wana shida zaidi, maana moyo nao huvutika saa ile ile maharage yanapoungua.

Hebu tumtazame Frances Trollope, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1779. Alijaribu biashara huko Cincinnati, Marekani, ikamfilisi. Akaanza kuandika ili alishe familia, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1832, akiwa amepita miaka 50. Mwaka 1834 madeni ya mumewe yaliwafanya wakimbilie Bruges, Ubelgiji. Huko mwanawe Henry akawa mgonjwa wa kifua kikuu, na afya ya mume ikazidi kudhoofika. Mama huyo aliwauguza wote wawili huku akiandika, kwa kuwa kalamu yake ndiyo iliyonunua mkate na dawa. Henry alifariki mwaka huo huo, mume mwaka 1835, na binti yake Emily mwaka 1836.

Aliwezaje? Saa kumi alfajiri alikuwa tayari mezani, na kazi yake ya siku iliisha kabla wengine hawajaamka. Mchana ulikuwa wa wagonjwa. Alipofariki mwaka 1863 aliacha vitabu vipatavyo 40.

Mwanawe Anthony, mtumishi wa posta, aliiga mtindo huo akaandika riwaya 47. Aliketi tangu saa kumi na moja na nusu, saa yake ya mfukoni ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Wengi humsifu yeye. Mimi namsifu mama yake, kwa sababu Anthony alikuwa na mtumishi aliyemwongezea paundi 5 kwa mwaka ili amwamshe, na mke wa kumnakilia miswada. Sisi tuna jogoo tu.

Aliye karibu nasi zaidi ni Toni Morrison wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Alikuwa akilea wana wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri, basi akaandika kabla hakujapambazuka, wanawe wangali wamelala. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi mtoto alivyomtapikia maji ya machungwa kwenye karatasi aliyokuwa akiandika. Hakuinuka kufuta. Aliandika kuzunguka pale palipolowa, kwani matapishi yangemngoja lakini sentensi ile huenda isingerudi.

Sasa, mama msomaji, usikurupuke kesho saa kumi. Saa ya alfajiri hulipwa usiku uliotangulia. Ukikaa kwenye mazungumzo hadi saa tano usiku, utasinzia juu ya kazi na kuwafokea watoto kutwa nzima, na hapo baba watoto atakuwa na haki ya kulalamika. Mwambie mapema kwamba utalala saa tatu, na kwa nini. Vyombo na vioshwe usiku, uzi uwe umeshaingia kwenye sindano, chai iwe kwenye chupa. Dakika 20 za kutafuta mkasi zimekula theluthi ya saa yako.

Chagua pia kazi isiyo na kelele. Cherehani itamwamsha mdogo, kisha saa yako imekwisha. Alfajiri kata vitambaa, chora nakshi, tarizi. Ushonaji wa mashine uache mpaka wakubwa waende shule. Na mteja akitaka gauni kwa Jumamosi, hesabu kwanza una alfajiri ngapi hadi siku hiyo, ndipo umpe jibu.

Mwenye mtoto wa kunyonya asijilazimishe. Watoto wa Frances walikuwa wamekwisha kukua alipoanza kuandika. Wewe tumia ule usingizi wa mtoto wa mchana, hata kama ni nusu saa, ilimradi ianze saa ile ile kila siku na kitambaa kiwe tayari mezani.