Kindu: Dawa ya kuzuia kutapika safarini inatuliza tumbo, lakini inalegeza miguu

Kila asubuhi, mitumbwi inavusha wakaaji wa komini ya Alunguli kuja ngʼambo ya Kasuku na Mikelenge kwa ajili ya soko, masomo na kazi. Wengine wanapanda balenyeri kuelekea Ubundu, wengine wanapanda lori ao moto kuelekea Kalima na Kasongo. Na wengi kati yao, mbele ya kuanza safari, wanapita kwanza kwenye famasi kununua kidonge cha kuzuia kutapika. Kununua si kosa. Kosa ni kwamba kidonge hicho kinauzwa kama bonbon, bila muuzaji kusema neno hata moja.

Sherti raia waelewe kwanza namna ugonjwa wa safari unavyokuja. Ndani ya sikio la mtu kuna mifereji mitatu midogo yenye maji. Hiyo ndiyo inaambia ubongo kama mwili unainama, unazunguka ao umesimama. Mtu akikaa ndani ya balenyeri katikati ya mizigo, macho yanaona magunia yametulia, lakini sikio linasema mwili unayumba. Habari hizo mbili zinapingana, na tumbo ndilo linalipa.

Dawa zinazotumiwa sana, kama prometazini na dimenhidrinati, zinapunguza nguvu ya habari hiyo ndani ya ubongo. Ni dawa zilizotoka katika jamii ya dawa za aleji. Hata faida ya dimenhidrinati ilijulikana kwa bahati: mwaka 1947, huko Baltimore Marekani, mgonjwa mmoja aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya aleji aliona kwamba hatapiki tena akipanda tramu. Mwaka 1948 waganga waliijaribu kwa askari waliokuwa wanavuka bahari kwenda Ujerumani, na ikasaidia.

Lakini ubongo hauna mlango mmoja tu. Dawa inayotuliza kichefuchefu inatuliza pia mambo mengine. Inaleta usingizi, inakausha mdomo, inaweza kufanya macho yaone ukungu, na inachelewesha mikono na miguu kuitika. Mtu anaweza kusema « mimi niko muzima », na huku mwili wake umechelewa. Prometazini inaweza kuacha uzito wa kichwa kwa saa nyingi, hata mpaka kesho yake. Na akiongeza pombe juu yake, hatari inaongezeka zaidi.

Sasa turudi kwenye mto. Mama mchuuzi amekunywa kidonge, amesafiri vizuri, hakutapika. Balenyeri inafika. Inafaa ashuke juu ya ubao mwembamba wenye matope, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Saa hiyo ndiyo anahitaji miguu yake kuliko saa yoyote ingine, na ni saa hiyo dawa ingali inafanya kazi. Akiteleza, watu watasema ni ubao. Hakuna atakayeuliza alikunywa nini asubuhi.

Kwa nahodha, mpiga kasia na mwendesha moto, jambo ni zito zaidi. Katika kazi ya ndege, marubani wanakatazwa kurusha ndege wakiwa wamekunywa dawa hizi za usingizi. Mwendesha moto anayebeba watu wawili kwenye barabara ya mashimo naye amebeba roho za watu. Kwa nini sheria ya angani isiwe pia desturi ya barabarani na ya majini?

Wako watakaosema: mbona mtu anayetapika naye anakosa nguvu? Ni kweli. Anayetapika safari nzima anapoteza maji mwilini, na anayeinamia ukingo wa mtumbwi anaweza kuanguka. Kwa hiyo haifai kukataza dawa kwa abiria. Inafaa aitumie kwa akili: ainywe kama nusu saa ao saa moja mbele ya kuondoka, si wakati ameshaanza kutapika, asiongeze kipimo, asichanganye na pombe, na wakati wa kushuka aombe mtu amshike mkono na mwingine abebe mzigo. Abiria wengine wanaweza kujaribu kwanza njia za kawaida: kukaa katikati ya chombo, kutazama mbali kwenye ukingo wa mto, kula kidogo, kutafuna tangawizi.

Na kuhusu watoto, hapa hakuna mchezo. Wazazi wengine wanawapa siro ya prometazini ili walale safarini. Dawa hiyo haipashwi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kuzuia pumzi yake na kumuua.

Wakubwa wa afya katika jimbo la Maniema hawahitaji bajeti kubwa kwa jambo hili. Inatosha kuomba kila muuzaji wa dawa aulize swali moja mbele ya kupokea franka: « Leo unasafiri kama abiria, ao ni wewe unayeendesha? » Anayeendesha arudi bila kidonge. Abiria aondoke na kidonge pamoja na onyo. Mto hauna huruma kwa mtu anayesinzia.