Gitaa Tamu, Ila Bibi Anaimba Nini?

Kuna mkali mmoja wa gitaa huko Lushoto, jina likae pembeni, ambaye klipu yake imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Mombo mpaka Mlalo. Ni harusini, watu wamejifunika makoti na mashuka kama kawaida ya kule juu. Bibi mmoja anaimba wimbo wa Kisambaa wa kumuaga bi harusi, jamaa anamsindikiza kwa gitaa. Vidole vinatembea, balaa tupu. Komenti ni sifa mwanzo mwisho: fundi, noma sana, apewe maua yake.

Haya, rudia hiyo klipu kwa kusikiliza. Bibi hasikiki. Kila akifungua mdomo, gitaa limeshafika. Akivuta pumzi, gitaa. Akirudi kwenye ubeti, gitaa bado lipo na halijamaliza stori yake.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Wazee wanasema gitaa lipunguzwe, likae nyuma lishike mdundo tu. Vijana wanasema mwache mtoto wa watu aonyeshe kipaji, muziki unakua. Kila upande una lake, lakini wote wanagombania sauti kubwa na ndogo wakati shida iko kwenye kusikilizana.

Kwa wazee wanaodhani gitaa ni mgeni mharibifu: Tanga hiyo hiyo ndiyo iliyoliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab. Black Star Musical Club walifanya hivyo miaka ya 1960, wakati Unguja ilikuwa na makundi makubwa yenye fidla nyingi. Kundi likawa dogo, muziki ukawa mwepesi, na bado sauti ya Shakila Saidi, mwana wa Pangani, ilikaa mbele kabisa. Gitaa lilikuwa na ladha yake, ila lilijua zamu yake.

Kwa vijana wanaodhani kumsubiri mwimbaji ni kufichwa: msikilizeni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki 1979. Yeye alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuwa na wa kumwonea aibu. Angeweza kujifunika mwenyewe kwa gitaa. Hakufanya hivyo. Maneno yanapita kwanza, solo inajibu kwa kifupi, halafu chemko likifika ndipo gitaa linaachiwa uwanja. Leo mtu akisikia nota chache tu anajua ni Mbaraka. Kusubiri hakukumpotezea jina.

Hata Hispania kwenye flamenko ni hivyo hivyo. Paco de Lucía, ambaye dunia nzima inamjua kwa kasi ya vidole, alirekodi na mwimbaji Camarón de la Isla kuanzia 1969, miaka ya kukaa ubavuni mwa mtu na kumfuata. Kule mpiga gitaa anasogeza kibanio kwenye shingo ya gitaa ili sauti ya mwimbaji ikae vizuri. Vipande vyake mwenyewe anavipiga katikati ya beti, mwimbaji akiwa amepumzika.

Sasa rudi Lushoto. Wimbo wa bibi haujaandikwa popote. Umebeba mawaidha, utani wa ukoo na maneno ya Kisambaa ambayo kuna vijana wa Lushoto mjini hawayajui tena. Klipu ikibaki na vidole tu, kilichohifadhiwa ni vidole. Halafu kuna suala la mfuko: simu za mialiko zinapigwa kwa mpiga gitaa. Bibi anarudi nyumbani na kanga na sahani ya pilau, hata kutajwa kwenye posti hakutajwa. Hiyo si sawa, hata kama gitaa ni tamu kiasi gani.

Na hapa ndipo mkali wetu anapojiangusha mwenyewe. Zile mbwembwe zake ni sebene la Kikongo la kujifunzia YouTube, lile lile analopiga kijana wa Mwanza, wa Mbeya na wa Nairobi. Anadhani anaonyesha staili yake, kumbe anaonyesha ya watu wote. Bibi ndiye mwenye kitu ambacho hakipo YouTube. Mistari yake hailingani: mmoja anaurefusha, mwingine anaukata ghafla, mwingine anaurudia kwa sababu bi harusi ameanza kulia. Biti ya kinanda haiwezi kumfuata, inamkimbiza. Gitaa linaweza. Mpigaji akijifunza kuukunja mdundo wake kwa kumfuata bibi, atatoka na mapigo ambayo hakuna mwingine anayo. Staili anayoitafuta iko kwenye pumzi za yule bibi.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwombe bibi aimbe kwanza bila chombo, ndipo utafute ufunguo unaoikalia sauti yake, usimlazimishe kwenye ule uliozoeleka na vidole. Punguza spika. Jibu mstari ukiisha, usiukatize. Mwishoni omba chemko lako na upige mpaka watu wavue makoti. Ukiposti, mtaje bibi, na bahasha ikija mgawane.

Anayetaka kupiga peke yake apige peke yake, hakuna ubaya, jukwaa lipo. Lakini ukikubali kukaa nyuma ya mwimbaji, watu wakiondoka harusini wawe wanaimba ule wimbo.

Wadau wa Soni, Bumbuli na Mtae, nani huko anapiga gitaa na maneno yakasikika? Mtajeni, na mwimbaji wake msimsahau.