Nani Atoe Mji? Ugumu wa Michezo ya Video na Haki ya Kufika Mwisho

Mnamo Machi 2019 kampuni ya Kijapani ya FromSoftware ilitoa mchezo wa video uitwao Sekiro: Shadows Die Twice, ulioongozwa na Hidetaka Miyazaki. Haukupita muda, wachezaji na waandishi wa Ulaya na Marekani wakagawanyika kambi mbili. Kambi moja ilidai mchezo huo uwekewe kiwango chepesi kwa ajili ya wasiouweza. Ya pili ikajibu kuwa asiyeuweza na auache, kwani si kila kazi ya sanaa imetungwa kwa ajili ya kila mtu. Makala haya yanaichukua kauli hiyo ya pili na kuipinga. Tunaipinga kama wanafasihi kwa sababu tunaifahamu: tumeisikia madarasani mwetu, kwa lugha yetu wenyewe, ikisemwa juu ya mashairi.

Yamkini msomaji atauliza jarida la uhakiki wa fasihi linatafuta nini katika michezo ya vijana. Jibu ni kwamba Sekiro ni masimulizi. Una mhusika mkuu, mpiganaji wa siri aitwaye Wolf, anayemlinda mtoto Kuro, mrithi wa damu isiyokufa, katika nchi ya kubuni ya Ashina mwishoni mwa karne ya 16. Una usaliti na una miisho minne. Tofauti yake na riwaya ni kuwa ukurasa haufunguki mpaka mkono uzuie upanga kwa wakati wake. Mtu anaweza kuisoma Nagona ya Kezilahabi (1990), asielewe nusu yake, na bado akafika ukurasa wa mwisho. Riwaya ngumu humwacha msomaji apite na ujinga wake. Mchezo mgumu humfungia nje.

Nami ni miongoni mwa waliofungiwa. Likizo moja ya Desemba niliyokaa kwa dada yangu, mpwa wangu alinikabidhi kidhibiti. Katika njia ya kuiendea ngome ya Ashina yupo mpanda farasi Gyoubu Oniwa, na bwana huyu aliniua siku tisa mfululizo. "Mjomba," mpwa wangu aliniambia kwa adabu, "wewe unasubiri kwanza uelewe. Hapa hakuna kusubiri." Nimesoma mengi kuhusu uhusiano wa msomaji na matini, sijapata kusoma sentensi iliyonichoma kama hiyo.

Tuanze na madai kwamba ugumu ni sehemu takatifu ya kazi, na kwamba kuugusa ni kuinajisi sanaa. Historia haikubaliani nayo. Space Invaders, mchezo ulioundwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa Japani mwaka 1978, husifiwa kwa jinsi maadui wanavyozidi kwenda mbio kadiri wanavyopungua. Mbio hizo hazikuanza kama dhamira ya mtunzi. Mashine ya wakati huo ilikuwa dhaifu. Maadui walipokuwa wengi ilielemewa, walipopungua ikapumua, na mchezo ukaenda kasi. Nishikado aliona jambo hilo likipendeza akaliacha. Tena, masanduku mengi ya michezo ya enzi hizo yalikuwa na swichi ndogo ndani, ambazo mwenye duka alizitumia kupanga idadi ya maisha ya mchezaji na ukali wa maadui. Mchezaji aliyekufa upesi alitumbukiza sarafu nyingine upesi. Kwa hiyo ule unaoitwa leo ugumu wa kisanaa ulilelewa na kijaluba cha fedha, na funguo zake zilikuwa mkononi mwa mfanyabiashara. Anayevijua vibanda vya michezo vya mitaani kwetu, ambamo vijana hulipia mchezo mmoja mmoja, hatashangaa.

Hoja ya pili ni ya dhamira ya mtunzi. Miyazaki ameeleza hadharani kuwa anataka wachezaji wote wakabili ugumu ule ule, ili wawe na uwanja mmoja wa kujadiliana na kufurahia ushindi. Ni kauli ya heshima, lakini mhakiki hana budi kuiuliza swali moja: walioishia langoni wamo katika uwanja huo? Tangu Wimsatt na Beardsley mwaka 1946, na Barthes mwaka 1967, tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu kuwa dhamira ya mtunzi haiifungi matini. Iser naye ametufunza kuwa kazi ya fasihi huzaliwa pale matini na msomaji wanapokutana. Tukiyakubali hayo, basi ugumu nao si sifa ya kifaa kama vile rangi au uzito. Ugumu ni uhusiano. Kijana wa miaka kumi na saba na mzee mwenye vidole vinavyotetemeka wanapopewa kasi ile ile, hawajapewa ugumu ule ule. Anayetaka kweli wote waonje shida moja atalazimika kuwapa mipangilio tofauti.

Hapa pana hoja moja ya wapinzani wetu ambayo hatuwezi kuipita mbio, kwani ndiyo yenye uzito. Katika Sekiro kufa kuna maana. Wolf akifa hufufuka, lakini uhai anaoutumia huuchota kwa wengine. Akifa mara nyingi, wahusika aliokutana nao huanza kukohoa, wakipatwa na maradhi yanayotokana na damu ile ya joka. Kushindwa kwa mchezaji kumeingizwa katika maudhui: uzembe wangu ni kikohozi cha mtu mwingine. Ukimfanya mchezaji asife kabisa, maudhui hayo yanayeyuka. Tunakubali. Hata hivyo, nani amesema asife kabisa? Mchezo ukipunguzwa kasi kwa sehemu ya tano, mimi bado nitakufa, tena sana, ila nitakufa nikiwa nasonga mbele, na kikohozi cha wale wengine nitakisikia. Kwa hali ilivyo, mchezaji dhaifu huupata ukurasa wa kwanza wa maudhui hayo mara mia, asiupate wa pili.

Isitoshe, mchezo wenyewe unawasuta watetezi wake. Wolf ni mlemavu. Mkono wake wa kushoto umekatwa, na mchonga sanamu mmoja mzee amempachika mkono wa bandia wenye zana ndani yake. Bila msaada huo hakuna hadithi. Sijui kinaya kikubwa kuliko hiki: kisa cha shujaa asiyeweza bila msaada, kinachotetewa na watu wanaoona haya kwa mtu kusaidiwa.

Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Celeste, mchezo wa mwaka 2018 kuhusu msichana Madeline apandaye mlima huku akipambana na hofu za nafsi yake, ni mgumu kwelikweli; lakini watunzi wake waliweka hali ya msaada inayomruhusu mchezaji kupunguza kasi, kuongeza nguvu, hata kuruka sura nzima. Sijaona aliyedai kuwa mlima umekuwa tambarare. The Last of Us Part II wa mwaka 2020 ulitoka na mipangilio zaidi ya sitini ya kuwafaa wenye ulemavu, na vipofu wameumaliza. Linganisha na Wolfenstein 3D wa mwaka 1992, ambamo aliyechagua kiwango chepesi kabisa alionyeshwa shujaa amevishwa kofia ya kitoto. Mlango uliwekwa, na mtu wa kumzomea aingiaye akawekwa hapo hapo.

Jadi yetu haikuzomea namna hiyo. Katika kutegeana vitendawili, walioshindwa huombwa mji. Wakiutoa, mtegaji huuhubiri aliyoyaona huko, huwatania kidogo, kisha hutoa jibu. Gharama ipo na utani upo, lakini hakuna anayerudi nyumbani bila jibu; naye aliyefumbua bila kutoa mji huondoka na fahari yake nzima. Hata bao, mchezo wa mafundi, lina namna yake nyepesi ya kujifunzia. Wazee hao hawakudhani kuwa kumfungulia mwanagenzi kunampunguzia fundi ufundi.

Nitakumbushwa kuwa mwalimu wa fasihi wa Kenya hana haki ya kutetea wepesi, sisi ambao kila mwaka tunailaani miongozo ya vitabu vya kutahiniwa. Kweli tunailaani, na nitaendelea. Mwongozo humsomea mwanafunzi. Humpa dhamira na wahusika vimetafunwa tayari, asikiguse kitabu. Mchezo uliopunguzwa kasi humwachia mchezaji kidhibiti mkononi, naye bado ndiye anayekosea. Tena niseme wazi kuwa siutetei wepesi unaouzwa, ule wa michezo inayomtesa mchezaji makusudi ili anunue nafuu kwa pesa; huo ni ule mchezo wa sarafu umevaa kanzu mpya. Nautetea wepesi ambao mtunzi mwenyewe ameutunga, akijua anachokilegeza na anachokibakiza, kwa sababu asipoutunga yeye utatungwa na wengine. Aliyenyimwa mlango hatafuti ustadi. Anatafuta mwongozo, na mwongozo wa michezo ya video ni YouTube.

Ndivyo nilivyofanya. Usiku wa kumi nilikirudisha kidhibiti, na wiki iliyofuata nikautazama mwisho wa Sekiro kwenye simu, nikiwa garini narudi kazini. Shamba la nyasi nyeupe usiku, mzee Isshin na mkuki wake, Kuro akingoja. Aliyekuwa akicheza alikuwa stadi, hakusema neno, wala hakufa hata mara moja. Hapakuwa na kikohozi chochote.