Nyumbani Kwetu: Kabla ya Kuibomoa Nyumba ya Wazee

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wengi wetu tunakaa katika nyumba zilizojengwa na wazee, na siku ya kuzitengeneza inapofika twataka kila kitu kiwe kipya. Mwezi huu tutazame kwanza yaliyomo katika kuta hizo, kabla fundi hajainua nyundo.

Tuchukue mfano wa nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18. Tukibandua lipu mpya iliyopigwa juu ya ile ya zamani, huenda tukakuta zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani katika chumba cha ndani, mahali pa akina mama. Huenda pia tukakuta ghorofani mlango uliozibwa kwa mawe, unaoelekea juu ya kichochoro. Hapo palikuwa na wikio, yaani chumba kilichovuka njia na kuunganisha nyumba mbili. Ilikuwa desturi ya baba mwenye uwezo kumjengea binti yake anapoolewa, karibu na kwa mama yake, nao wakatembeleana bila kushuka njiani. Aliyeuziba mlango alikuwa na sababu: pengine nyumba iliuzwa, pengine urithi uligawanywa. Basi tuulize kabla ya kuuvunja, maana ukuta huo waweza kuwa mpaka wa familia mbili.

Jambo la pili ni usalama. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba, kiasi cha meta tatu hivi: boriti hazikuwa ndefu zaidi. Chokaa huacha unyevu utoke. Tukipiga saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu hubanduka, na ncha za boriti huoza ukutani bila kuonekana. Yafaa tumtafute fundi anayejua chokaa, naye agongegonge kila boriti kabla ya kuongeza mzigo wowote juu. Huko Unguja, Jumba la Ajabu lililojengwa mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Watoto wasicheze wala kulala chini ya dari linalotengenezwa.

Sisi wa nyumba za matofali au za udongo pia hatukosi alama: mistari ya vimo vya watoto kwenye mwimo wa mlango, masizi ya jiko la zamani, rangi tatu nne moja juu ya nyingine, bahasha iliyofichwa darini. Karatasi yoyote ya kiwanja au ya ndoa tuiweke mahali pakavu na kuionyesha kwa wazee. Isichomwe pamoja na takataka.

Zaidi ya yote, tusimwache mama mkwe akikaa barazani peke yake huku mafundi wakipita mbele yake na vifusi. Tumwulize ni nani aliyezaliwa katika chumba kile, na ni nani aliyefia humo. Tuandike majina na miaka katika daftari. Saruji na chokaa zitapatikana hata mwakani, lakini majina hayo anayajua yeye.

Tuonane mwezi ujao.