MAMBO YA JAMAA: Sanduku la akiba la majirani

Baba mmoja wa jamaa alitusimamisha mlangoni pa kanisa baada ya Misa ya Dominika. Yeye na majirani zake, nyumba kumi kwa jumla, wamechimba kisima pamoja, wakatia pompa, wakajenga na ukuta wa kuzunguka viwanja vyao. Kila mwezi hutoa fedha kidogo. Neno lake lilikuwa hili: «Mwalimu, fedha hii imelala bure, na watoto wetu wanarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa malipo. Je, si afadhali tuigawane?» Swali hili si la kipumbavu, nasi hatukutaka kulijibu tukiwa tumesimama.

Katika mji wa Surfside, Florida, nchini Marekani, ilikuwako nyumba ya orofa 12 iliyojengwa mwaka 1981 kando ya bahari, yenye makao 136. Kila mtu alikuwa na makao yake. Dari, nguzo na bwawa la kuogelea vilikuwa mali ya wote. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia kwamba maji yanatuama penye bwawa na kuharibu saruji iliyo chini. Gharama ya matengenezo ilikisiwa kuwa zaidi ya dola milioni 9, na akiba yao haikufika hata milioni moja. Wakabishana, wengine wa halmashauri wakajiuzulu. Ilipofika mwaka 2021 gharama ilikuwa imepanda hata milioni 15, na wenye makao wakadaiwa makumi ya maelfu ya dola kila mmoja, na wengine zaidi ya laki moja. Usiku wa tarehe 24 Juni mwaka ule sehemu kubwa ya nyumba ikaanguka, wakafa watu 98.

Hatusemi kwamba ufukara wa sanduku ndio ulioiangusha. Wahandisi wameona na makosa ya tangu mwanzo wa ujenzi. Lakini sheria ya Florida wakati ule iliwaruhusu wenye nyumba kupiga kura wasiweke akiba. Mwaka 2022 bunge likaibadili: nyumba za orofa tatu au zaidi sharti zipimwe angalau kila miaka 10, ili akiba ya matengenezo makubwa ijulikane.

Bwana wetu alinena juu ya mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama za mnara. Sisi wengi twahesabu gharama ya kujenga tu. Ya kutunza hatuiulizi.

Basi tuhesabu. Tuseme pompa ya dola 2,400 itadumu miaka 8: ni dola 300 kwa mwaka. Ukuta utatengenezwa kwa dola 3,000 baada ya miaka 10: ni dola 300 nyingine. Jumla ni 600, na kwa nyumba kumi kila moja ni dola 60, yaani 5 kwa mwezi. Anayehama baada ya miaka minne amekunywa maji miaka minne, naye amelipa uchakavu wa miaka minne. Hamwachii deni yule atakayefuata. Kumbe fedha ile haikulala. Ni bei ya pompa ichakaayo kila siku, na kuigawana ni kuila pompa yenyewe.

Tena isikae chini ya kitanda cha mweka hazina, hata akiwa katekista. Wazee wanakumbuka: mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilikuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Ndiyo sababu wengi huweka kwa dola. Wengine hununua vifaa mapema: mabati huvumilia, bali saruji hugeuka jiwe mfukoni (tumeyaona hayo kwetu, kwa hasara). Fedha itakayohitajiwa mwaka huu ikae benki mahali pa kutolewa upesi, kwa sahihi za watu wawili. Iliyobaki iwekwe amana ya muda, kwa mafungu, fungu moja liive kabla ya siku ya pompa. Anayekuja na biashara ya faida kubwa ya upesi, asisikilizwe.

Na watoto? Shirika lifungue sanduku la pili, la kusaidiana, hata kwa nusu dola kwa mwezi, lenye daftari yake. Mjane asiyeweza dola 5, mkutano uamue mapema nani atamlipia, wala asikatiwe maji. Mkutano wa yule baba ni mwisho wa mwezi huu.