Mwanafunzi na Mchoro Wake: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Uchoraji

Ni nadra kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu nchini mwetu usiione Nembo ya Taifa. Imo ukutani, imo juu ya barua, imo juu ya vyeti. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuitaja sehemu kwa sehemu: mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, mawimbi ya maji, pembe za ndovu, mlima Kilimanjaro, mche wa karafuu na mche wa pamba, mwanamume na mwanamke, na maneno Uhuru na Umoja. Hufundishwa pia maana ya kila sehemu, na akiulizwa hujibu bila kusita. Lakini na aulizwe swali moja dogo: Ni nani aliyeichora? Hapo atanyamaza, na mwalimu wake, tukisema kweli, atanyamaza pamoja naye.

Mwaka 2017 swali hilo liliulizwa na watu wengi kwa mara ya kwanza. Habari zilienea kwamba mzee mmoja, Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha, mtu wa asili ya huku kwetu Usukumani, alikuwa akiishi Buguruni, Dar es Salaam, katika ufukara na maradhi, na kwamba ndiye aliyeichora nembo hiyo. Alipelekwa hospitalini, na mwezi Mei mwaka huo huo akafariki dunia. Wako waliomkubali, na wako waliotaja majina mengine. Nembo yenyewe haikuweza kumtetea yeyote, maana haibebi jina la mkono ulioichora. Wenzetu wa Ghana, kwa upande wao, wanajua kwamba bendera yao ya mwaka 1957 ilibuniwa na mwalimu Theodosia Okoh, na nembo yao na mchoraji Amon Kotei. Majina hayo hutajwa pamoja na kazi zenyewe.

Hatuandiki haya ili tumhukumu mtu wala ofisi. Jarida hili ni la njia za kufundisha, nasi tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba kunyamaza huko huanzia darasani mwetu. Sisi walimu ndio tunaomzoesha mtoto kuamini kwamba mchoro hauna mwenyewe.

Na tutazame somo la uchoraji linavyofundishwa mahali pengi. Mwalimu huchora chungu ubaoni. Wanafunzi 60 hunakili chungu kile kile. Mwalimu hupita akisahihisha: chungu kinachofanana na cha ubaoni hupata alama nyingi, kisichofanana hupata chache. Kipindi kinapokwisha ubao hufutwa. Je, ni nani aliyechora siku hiyo? Ni mwalimu peke yake. Wale 60 walikuwa wakinakili tu.

Sisi wenyewe hatuna mikono safi katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanachuo mmoja ambaye alama zake za uchoraji zilikuwa hafifu. Siku moja, katika kusahihisha, tulifungua kurasa za nyuma za daftari lake tukakuta michoro ambayo hatukuiagiza: mawe makubwa ya Mwanza yaliyobebana, mitumbwi ya dagaa na taa zake usiku, akina mama wakianika dagaa mchangani. Tulimwambia kwamba daftari la chuo si mahali pa michezo, tukamwamuru azichane kurasa hizo. Alitii.

Baadaye tulikutana naye mjini. Alikuwa amekwisha kuwa msanifu wa michoro: hutengeneza kwa kompyuta mabango ya maduka, kadi za harusi na lebo za bidhaa. Alituamkia kwa heshima, akatukaribisha katika chumba chake cha kazi, akatuonyesha daftari nene ambalo hakuna mteja aliyeliagiza. Mlikuwa na mawe yale yale, mitumbwi, na herufi alizozinakili kutoka ubavuni mwa mitumbwi huko mwaloni. Akatuonyesha jinsi mkunjo wa gubeti la mtumbwi ulivyozaa herufi ya kwanza katika bango la muuza samaki mmoja. “Mwalimu,” alisema, “kazi ya mteja hunipa chakula, lakini daftari hili ndilo hunipa kazi ya mteja.” Tulimwuliza kama anayo michoro yake ya zamani. Akajibu kwa upole, “Ile ya kwanza sina, Mwalimu.” Hakusema zaidi, wala haikuhitajika aseme.

Kutokana na maneno ya kijana huyo twaweza kupata fundisho la kazi yetu. Msanifu anapomtumikia mteja huchora anachotakiwa, kwa kipimo anachopewa, na kwa siku aliyopangiwa. Hiyo ni kazi halali nayo ina adabu yake. Lakini ghala anamochota mawazo hujazwa wakati mwingine, pale anapochora kwa hiari yake vitu anavyoviona kwa macho yake, akikosea na kurudia bila kuogopa alama wala fedha. Asiye na ghala hilo huishia kuchukua violezo vya watu wengine. Siku hizi violezo hupatikana katika simu kwa dakika moja, na ndiyo maana mabango ya mtaa mzima huweza kufanana kama mapacha. Kunakili sasa kunafanywa na mashine kuliko mtu yeyote. Kama shule itaendelea kufundisha kunakili, itakuwa inamfundisha mtoto kazi ambayo haimngoji.

Tena tusidhani kwamba kuchora kwa fikra ni jambo geni katika ufuko huu wa ziwa. Katika Usukuma wa zamani chama cha Bayeye, waganga na wachezaji wa nyoka, walichora picha katika kuta za ndani za nyumba zao za kuwafundia wanachama wapya. Hans Cory, aliyeishi Mwanza na kuzichunguza mila za Wasukuma, alizitolea kitabu mwaka 1953. Ukuta ulikuwa ubao wao wa kufundishia, na picha ilimsaidia mwanafunzi kukumbuka aliyofundishwa. Kadhalika mwalimu anayeweza kuwapeleka wanafunzi katika Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, atawaonyesha jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha kitemi. Hapo mtoto atajionea kwamba umbo la kitu cha nyumbani laweza kukuzwa likawa jengo, kama vile gubeti la mtumbwi lilivyoweza kuwa herufi.

Na wala suala la jina si la nembo peke yake. Tazama khanga. Maarufu mojawapo, itokayo Mombasa, huandikwa “Mali ya Abdulla”. Maneno hayo yamtaja mfanyabiashara, si mchoraji. Akina mama wa pwani na wa bara wamevaa kazi za mikono ya watu wasiowajua kwa zaidi ya miaka 100.

Wako wenzetu watakaosema kwamba muda hautoshi, karatasi hazipo, na mtihani haupimi mambo haya. Hoja hizi ni za kweli, nasi hatuzidharau. Lakini hatuombi kipindi cha ziada. Twapendekeza mambo manne ambayo mwalimu yeyote aweza kuyaingiza katika andalio lake la somo.

Kwanza, kila mwanafunzi awe na daftari lake la michoro. Laweza kushonwa kwa karatasi zilizotumika upande mmoja, na jalada la boksi. Mkaa na kalamu ya risasi vyatosha.

Pili, achore kutokana na kitu chenyewe, si kutokana na ubao: jiwe la uwanjani, jembe la shule, samaki wa sokoni, mikono ya bibi yake. Mwalimu aonyeshe ubaoni namna ya kutazama na kupima, kisha afute ubao kabla wanafunzi hawajaanza.

Tatu, kila mchoro uandikwe jina na tarehe na mwenyewe, na usichanwe hata ukiwa mbaya. Mwisho wa muhula mwanafunzi ataona kwa macho yake alivyokuwa na alivyokua.

Nne, alama zigawanywe: nusu kwa mchoro uliokamilika, na nusu kwa hatua zilizo katika daftari. Mwanafunzi aulizwe: Kwa nini uliuacha mchoro wa pili ukachagua wa tatu? Atakayejibu swali hilo amejifunza kuamua, na kuamua ndiyo kazi ya msanifu.

Mwalimu atakayefuata njia hii asitegemee madaftari mazuri. Yatakuwa na uchafu wa mkaa na mitumbwi isiyoweza kuelea. Huenda pia akakuta ndani yake picha yake mwenyewe, na asiipende. Haidhuru. Asichane.

Hatujui ni nani kati ya watoto wetu atakayepewa kazi ya kuchora nembo ya ushirika, bango la kampeni ya afya, au jalada la kitabu cha kiada. Lakini atakuwapo mmoja. Siku atakapoulizwa kama kazi hiyo ni yake, awe na daftari la kufungua. Nasi tulioamuru kurasa zichanwe tumekwisha kuanza kazi hii chuoni mwetu, tukiandika majina na tarehe zetu wenyewe chini ya michoro tunayoichora mbele ya wanachuo.